Uzoefu wangu: kucheza magemu kwenye Linux Mint kwa kompyuta ambayo Windows 11 iliikataa

Naanza na hukumu yangu ili asiye na muda aondoke nayo. Kama magemu yako mengi ni ya kucheza peke yako na uliyanunua Steam, lile duka la magemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, hamia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, hutajuta. Kama starehe yako kubwa ni kupiga mpira mtandaoni na washkaji, usihame bado, au baki na Windows kwenye diski ya pili.

Mashine yangu ni ya mezani, ya mtumba, niliichukua Kariakoo. Ina prosesa ya Intel Core i5-6500, RAM ya GB 16 na kadi ya grafiki ya AMD RX 580 ya GB 8 ambayo niliiongeza baadaye. Haina ugonjwa wowote. Tatizo ni kwamba Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, na hii ni ya kizazi cha 6. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Najua zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, mafundi wengi mjini wanafanya hivyo kila siku, ila sikutaka kuishi na mfumo ambao kila sasisho linaniacha roho juu. Na kutupa kompyuta nzima kwa sababu ya sharti la karatasi, wakati inawaka na inafanya kazi, kwangu ni hasara isiyo na maana.

Inaelekea wengi wamefikiri hivyohivyo. Katika takwimu ambazo Steam huzitoa kila mwezi, Oktoba 2025 ilikuwa mara ya kwanza kwa Linux kuvuka asilimia 3 ya wachezaji wake. Asilimia 3 inaonekana ndogo, lakini mwaka 2018 haikufika hata 1. Baadhi ya watu hao wanatumia Steam Deck, ile kompyuta ya kushika mkononi ambayo Valve ilianza kuiuza Februari 2022. Kwetu haiuzwi rasmi, anayeitaka anaagiza kwa mkono wa mtu. Lakini faida yake imetufikia hata tusioimiliki, maana ndani yake ni Linux tupu, na kila kitu ambacho Valve walikirekebisha kwa ajili ya Deck kimeingia pia kwenye kompyuta zetu za kawaida.

Kuweka Linux Mint, aina ya Linux niliyoichagua, sina mengi ya kusema. Unaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unaijaribu kabla ya kugusa diski, ukiridhika unaisakinisha. Nilichukua toleo la 22 kwa kuwa litahudumiwa hadi 2029. Wenye kadi za AMD kama mimi hawaweki draiva yoyote, imo tayari. Wenye NVIDIA wanafungua meneja wa draiva na kuchagua iliyopendekezwa. Wajue tu kwamba kwenye magemu ya DirectX 12, mfumo wa Windows wa kuchora magemu, kadi za NVIDIA bado hupoteza kasi kiasi zikilinganishwa na Windows.

Kazi kubwa inafanywa na Proton, programu ya Valve inayowezesha magemu ya Windows kuchezwa kwenye Linux, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani Linux inaigiza Windows na hivyo lazima iwe nzito. Siyo hivyo. Gemu la Windows linapotaka kuchora kitu huongea na DirectX. Proton huchukua maagizo hayo na kuyageuza kuwa ya Vulkan, mfumo mwingine wa kuchora, ambayo kadi ya grafiki inayaelewa moja kwa moja chini ya Linux. Prosesa ni ileile na msimbo wa gemu ni uleule, kinachobadilika ni nani anapokea maagizo. Msingi wake ni Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux ulioanza mwaka 1993. Kipande kilichobadilisha mambo, kinachogeuza DirectX kuwa Vulkan, kinaitwa DXVK. Kilianzishwa na Mjerumani mmoja, Philip Rebohle, aliyetaka tu kucheza Nier: Automata kwenye Linux yake. Valve wakaona kazi yake, wakaanza kumlipa mapema 2018, na Agosti mwaka huohuo Proton ikatoka, bure na wazi kwa kila mtu. Mimi hilo linanigusa sana. Mtu alikaa chini kutatua shida yake, akaiacha kazi yake hadharani, na leo mimi huku Dar es Salaam nacheza kwa sababu yake.

Kwa vitendo, hufanyi kitu. Unafungua Steam, unaingia kwenye akaunti yako, magemu yako yote yamo, unabonyeza kusakinisha. Nilianza na The Witcher 3 ambayo niliiacha katikati nikiwa Windows. Ilipomaliza kushuka nikabonyeza kucheza, na sevu zangu zikaja zenyewe kutoka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Steam. Geralt, mhusika mkuu wa gemu hilo, alikuwa amesimama palepale nilipomwacha. Naicheza kwa DirectX 11, michoro ya kati, kioo cha 1080p, na haiyumbi.

Kwa udadisi nikaingia kwenye mafaili kuona inavyofanyika. Ndani ya folda ya Steam kuna folda iitwayo compatdata, na humo kila gemu lina chumba chake chenye namba. Cha The Witcher 3 ni 292030, cha GTA V ni 271590. Ukifungua chumba unakuta drive_c kamili, na ndani yake folda za Windows, za programu na za mtumiaji anayeitwa steamuser. Kila gemu limejengewa kijiwindows chake. Likiharibika moja, unafuta chumba chake pekee na mengine hayaguswi. Angalizo tu, kama sevu za gemu hilo haziendi mtandaoni, zinakili kwanza, kwa sababu mara nyingi zimo humohumo. Hii nadhani ni bora kuliko Windows yenyewe, ambako gemu moja linaweza kuacha takataka zinazosumbua mengine.

Hapo pia ndipo utaelewa kwa nini magemu yasiwekwe kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, iliyobaki na Windows. Kwenye vyumba hivyo Proton hutengeneza majina yenye nukta pacha, kama "c:", ambayo Windows haiyakubali, na mkanganyiko huanzia hapo. Diski yangu ya magemu niliiweka ext4, mpangilio wa Linux, kabla ya kushusha chochote, na nashauri kila mtu afanye hivyo.

GTA V ya hadithi, Hades na Football Manager 2024 zote zilifunguka bila kuniuliza swali. Euro Truck Simulator 2 ilinishangaza. Ina toleo lake rasmi la Linux, lakini kwenye mashine yangu toleo la Windows likipitia Proton linakwenda laini zaidi kuliko lile la Linux. Kwa hiyo kuwepo kwa toleo la Linux siyo lazima kuwe ndiyo njia bora. Jaribu yote mawili.

Gemu moja lilinipa shida. Lilifunguka, nembo zikapita, kisha kioo kikawa cheusi huku sauti ya video ya mwanzo ikisikika. Mara nyingi hali hii husababishwa na aina ya video iliyotumika ndani ya gemu, siyo gemu lenyewe. Dawa yake ni GE-Proton, toleo la Proton linalotengenezwa nje ya Valve na kuongezewa viraka kama hivyo. Unasakinisha ProtonUp-Qt kutoka kwenye duka la programu la Mint, unashusha GE-Proton ya karibuni, unafunga na kufungua Steam, kisha kwenye sifa za gemu unaichagua. Video ikaonekana. Kabla ya kununua gemu lolote sasa napita kwanza ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe wanaandika gemu limechezaje kwenye mashine zao, na wamelipa daraja kuanzia platinamu kushuka hadi lile la kutofunguka kabisa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzetu wa Ulaya na Marekani hawalitaji kabisa, nalo ni bando. Magemu ya kisasa hutumia vijiprogramu vidogo viitwavyo sheda, vinavyoieleza kadi ya grafiki namna ya kuchora maji, moshi, ngozi na kadhalika. Kwenye Linux, Steam hushusha sheda zilizokwishaandaliwa ili gemu lisikwamekwame ukiingia sehemu mpya. Ni huduma nzuri sana kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo. Kwa anayenunua bando, ni mchwa. Unafungua Steam ukiwa na GB zako za wiki, unaenda kuchemsha chai, ukirudi kuna masasisho ya gemu ambalo hujaligusa tangu mwezi uliopita, na ni sheda tu. Zaidi ya hizo, mara ya kwanza lazima ishushe Proton yenyewe na mazingira yake ya kufanyia kazi, hayo hayakwepeki.

Nilichofanya ni kuingia kwenye mipangilio ya Steam, sehemu ya upakuaji, nikazima uandaaji wa sheda. Nikaweka pia muda maalumu wa masasisho, usiku wa manane, wakati bando langu la usiku linafanya kazi. Bei yake ni kwamba dakika za mwanzo za gemu jipya zina mikwamo midogo, hasa ukigeuza kamera haraka, kisha kompyuta inajiandalia sheda zake yenyewe na mambo yanatulia. Kwa RX 580 hali hiyo inavumilika. Laiti Valve wangemuuliza mtu swali hili siku ya kwanza badala ya kumwachia alitafute kwenye mipangilio, wangeokoa bando za watu wengi sana huku kwetu.

Jambo la pili, na ndilo zito kuliko yote, ni magemu ya mtandaoni. Mpwa wangu alikuja likizo akakaa kwenye hiyo kompyuta siku nzima na GTA V. Jioni akaniuliza, "Mjomba, mbona Windows yako imebadilika sura?"

"Siyo Windows hiyo, ni Linux."

Akaitazama tena. "Sasa gemu linachezaje?" Nikamweleza kwa ufupi. Akanisikiliza, halafu akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo. "Na FC ipo?"

"Hiyo hapa haichezi, baba."

Akavaa ndala zake akaenda kibanda cha PlayStation cha mtaani, na simlaumu.

FC ni gemu la mpira la kampuni ya EA, ambalo zamani liliitwa FIFA. Tangu FIFA 23, EA wameweka programu yao ya kuzuia udanganyifu ambayo huingia hadi kwenye keneli, yaani kiini cha Windows. Linux haina kiini hicho, kwa hiyo mlango umefungwa. Hali ni hiyohiyo kwa Valorant, kwa Call of Duty mpya na kwa Battlefield 6. GTA Online ilikuwa inacheza vizuri hadi Septemba 2024 ilipowekewa BattlEye, programu nyingine ya kuzuia udanganyifu. Apex Legends nayo ilicheza kwa miaka, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 watengenezaji wake wakaifungia Linux kwa maelezo kwamba wadanganyifu wanapitia huko.

Kinachoniudhi ni kwamba mengi ya haya siyo suala la kushindikana. BattlEye na Easy Anti-Cheat, nyingine ya aina hiyo, zote mbili zilitangaza mwaka 2021 kwamba zinakubali Proton, mradi mwenye gemu aruhusu. Wengine wameruhusu na magemu yao yanachezwa mtandaoni bila taabu. Wengine wamekataa. Epic ndio wamiliki wa Easy Anti-Cheat, na bado Fortnite yao hawajaifungulia Linux. Naelewa hofu ya wadanganyifu, nimeshacheza na watu wanaopiga risasi kupita kuta na najua inavyokatisha tamaa. Lakini Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo rasmi ya Linux na zina mamilioni ya wachezaji. Mteja aliyelipia gemu kwa pesa yake halali anastahili kupewa nafasi, hata kama wa aina yake ni 3 kati ya 100. Ninachotumaini ni kwamba idadi ikizidi kukua, hasa baada ya Valve kutangaza Steam Machine mpya, kompyuta yao ya magemu, Novemba 2025, hesabu za kampuni hizi zitabadilika. Sina namna nyingine ya kuwashawishi zaidi ya kununua kwa wanaotujali.

Kwa hiyo kabla hujagusa diski yako, andika magemu unayoyacheza kweli, siyo yote uliyonayo. Yapitishe ProtonDB moja baada ya jingine, na ya mtandaoni yaangalie pia kwenye Are We Anti-Cheat Yet, tovuti inayoonyesha lipi limeruhusiwa na lipi limekataliwa. Kama hata moja ambalo huwezi kuishi bila hilo limo kwenye yaliyokataliwa, nunua SSD ndogo ya pili, weka Linux humo na uiache Windows ilipo. Kama hakuna, chukua flashi. Mimi kwa mahitaji yangu naipa 8 kati ya 10. Mbili nimezishika mkononi, moja ya bando na moja ya mpira.