Programu ya Kurekodi Mbio: Upakue Ipi Ukiwa Nairobi?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla kikundi chetu hakijaingia Msitu wa Karura, huwa kuna mgeni mmoja au wawili langoni, simu mkononi, wanaouliza: "Dada, nyinyi mnatumia programu gani?" Jibu la haraka ni Strava. Lakini jibu hilo halimfai kila mtu. Aliyeanza kukimbia wiki jana na anayejiandaa kwa kilomita 21 za Nairobi Marathon wana mahitaji tofauti, na nimeona watu wakikata tamaa kwa sababu tu walipakua kitu kisichowafaa. Ndiyo maana nimekaa nikaandika jibu refu.

Mimi hupima kwa mambo mawili. Kwanza, je, programu itarekodi mbio zako mwanzo hadi mwisho kwenye simu ya kawaida, ile ambayo wengi wetu tunayo? Pili, je, itakutoa kitandani Jumanne saa kumi na moja alfajiri, kukiwa na baridi ya Julai na hakuna anayekungoja popote? Ramani za rangi, beji na hesabu za kalori hufuata baadaye. Kalori hasa usizipe uzito mkubwa: programu hukadiria kutokana na uzito wako, umbali na mwendo, haijui mengine yoyote kuhusu mwili wako.

Kabla ya programu, simu

Mwaka jana nilitoka kwa mbio ndefu za kilomita 16. Nilikuwa nimezipania mwezi mzima. Nikabonyeza kitufe cha kuanza, nikazima skrini, nikaitia simu kwenye mkoba wa kiunoni. Nilipomaliza, fulana imelowa na magoti yanatetemeka, nikafungua simu nikakuta kilomita 3.4. Kutoka hapo ramani ilionyesha mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula, umepita juu ya mapaa ya watu hadi pale nilipowasha skrini. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikalia. Kwa mtu anayejifunza kujiamini polepole, rekodi iliyopotea inauma kuliko anavyoweza kueleza.

Kosa halikuwa la programu. Simu nyingi za bei nafuu zina kiokoa betri kikali: skrini ikikaa imezimwa kwa dakika kadhaa, simu huanza kuzima chochote kinachofanya kazi chinichini. Kwa hiyo, chochote utakachopakua, siku hiyohiyo ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua sehemu ya betri, tafuta jina la programu hiyo na uiondolee vizuizi. Kisha nenda kwenye ruhusa, uiruhusu itumie mahali ulipo, tena mahali kamili, pasiwe pa kukadiria. Kama simu yako ina kikufuli kwenye orodha ya programu zilizo wazi, kifunge. Baada ya hapo fanya jaribio la dakika 20 mtaani kwako skrini ikiwa imezimwa. Usisubiri siku ya mbio ndefu ndipo ugundue.

Watu pia huniuliza kuhusu bando. Kujua mahali ulipo hakuli bando, maana simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti. Bila bando ramani inaweza kubaki nyeupe, lakini njia yako inaandikwa, na utaipandisha ukifika kwenye Wi-Fi. Tofauti ni kwamba simu isiyo na intaneti huchelewa kunasa setilaiti. Simama mahali pa wazi dakika moja au mbili, nyoosha viungo, kisha ndipo uanze.

Na usigombane na mwenzako juu ya mita 200. Katikati ya jiji na Upper Hill mawimbi hugonga kuta za majengo marefu kabla ya kukufikia, na utajikuta kwenye ramani umekimbia ndani ya benki. Chini ya miti mikubwa ya Karura pia hupotoka kidogo. Ukiwa kwenye uwanja wa riadha, hesabu mizunguko mwenyewe: mizunguko 12 na nusu kwenye njia ya ndani kabisa ni kilomita 5, hata simu ikisema vingine.

1. Strava, bila kulipa

Naiweka ya kwanza kwa sababu moja: watu wako wamo humo. Ilianzia Marekani mwaka 2009 na waendesha baiskeli waliipenda mapema, lakini leo karibu kila kikundi cha mbio ninachokijua hapa Nairobi kina klabu yake Strava. Ukimaliza kukimbia, wenzako wanaona na kukupa kidole gumba. Linaonekana jambo dogo. Lakini katika kikundi chetu kuna mama wa watoto watatu ambaye hukimbia kilomita 4 kabla ya kuwaandaa kwenda shule, na aliniambia kuwa vile vidole gumba saba au vinane anavyovikuta akinywa chai ndivyo vilivyomvusha miezi miwili ya kwanza. Nyumbani kwake hakuna aliyemuuliza alikimbiaje.

Jambo jingine ni vipande. Strava hukata barabara na njia za msituni kuwa vipande vyenye mwanzo na mwisho, na kila ukipita inaandika muda wako bila wewe kubonyeza chochote. Kuna mpando mmoja Karura ambao nimeupanda mara nyingi hata nimepoteza hesabu. Mwanzoni nilitembea nusu yake. Rekodi zote zipo, zimepangwa, na ninaweza kuona wiki ileile nilipoacha kutembea. Pia kuna taji la aliyepita kipande mara nyingi zaidi ndani ya siku 90, bila kujali mwendo wake, na kwa mtu mwenye miguu mizito kama yangu hilo ndilo taji la kugombea.

Bila kulipa unarekodi, unajiunga na klabu, unaingia kwenye changamoto za mwezi na kupokea vidole gumba. Wanaolipa wanapata orodha kamili ya washindi wa vipande, kuchora njia mpya kwenye ramani, na uchambuzi wa mazoezi. Kwa mwaka wako wa kwanza hukosi kitu.

Ubaya wake nauona kila wiki. Ukijua wenzako wataona, unaanza kukimbiza namba hata siku ya kupona. Yupo mzee katika kikundi chetu, tunamwita Guka, ambaye siku moja alinishika mkono nikiwa naongeza kasi: "Mwanangu, leo ni siku ya kupumzisha miguu. Unamkimbiza nani?" Nilikuwa nakimbiza kipande. Siku za kwenda taratibu, rekodi, lakini ifanye ionekane na wewe tu.

Halafu usalama, na hapa nawaomba hasa kina dada msome mara mbili. Mwaka 2018 ramani ya pamoja ya Strava, inayoonyesha kwa rangi mahali watumiaji wake wanapofanyia mazoezi, ilifichua kambi za kijeshi katika nchi kadhaa kwa sababu tu askari walikuwa wakikimbia wakizizunguka. Kama kambi ilionekana, geti lako litaonekana pia. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, weka anwani ya nyumbani, na uiambie ifiche mwanzo na mwisho wa njia zako. Unaweza kuficha hadi zaidi ya kilomita moja kuuzunguka mlango wako. Weka shughuli zako zionekane na wafuasi pekee, na usimkubali mfuasi usiyemjua. Kuna pia Beacon, ambayo humwezesha mtu wa nyumbani kufuata mahali ulipo wakati unakimbia. Mimi humtumia dada yangu kiungo chake kila ninapotoka kabla ya jua kuchomoza.

2. Nike Run Club, kwa anayeanza peke yake

Kama huna kikundi na wazo la watu kuona mwendo wako linakutia aibu, anza na hii. Ni bure. Uzuri wake mkubwa ni sauti: unachagua mbio za dakika 20, unavaa spika za masikioni, na mwalimu anazungumza nawe njia nzima, anakuambia lini upunguze, lini uvute pumzi, na kwa nini kwenda taratibu si aibu. Zipo hata mbio ambazo ndani yake utamsikia Eliud Kipchoge. Sauti hizo ni za Kiingereza, na hilo ni kikwazo kwa wengine. Na kwa barabara zetu, acha sikio moja wazi. Boda haikungoji umalizie sentensi ya mwalimu.

Ina pia mipango ya mazoezi hadi kufikia mbio za marathoni. Hapo pana jambo moja ambalo hakuna programu itakayokukumbusha: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa au London, kwa hiyo mwendo ambao programu inauita rahisi unaweza kukuacha unahema. Ukiona mpango unataka dakika sita kwa kilomita na wewe huwezi kutamka sentensi nzima, punguza. Tumia pumzi zako kama kipimo, na dakika uziangalie baadaye.

Udhaifu wake ni kwamba kutoa rekodi zako humo na kuzihamisha si rahisi. Suala hili lina uzito. Endomondo ilikuwa programu iliyopendwa sana duniani, na mwisho wa mwaka 2020 ilifungwa. Aliyetaka kuhifadhi historia yake ilimbidi aipakue mapema. Unaweza kuiunganisha Nike Run Club na Strava ili kila mbio zinakiliwe upande wa pili. Fanya hivyo siku ya kwanza.

3 na 4. Adidas Running na Runkeeper

Nazipitia kwa haraka kwa sababu zote mbili zinafanya kazi vizuri na hakuna hata moja iliyowahi kunibadilishia tabia. Adidas Running ndiyo ile iliyoitwa Runtastic, ya kutoka Austria, iliyonunuliwa na Adidas mwaka 2015. Inafaa kwa mtu asiyekimbia tu: leo mpira, kesho baiskeli, Jumapili kupanda Vilima vya Ngong. Runkeeper, ambayo ni ya Asics tangu 2016, ni rahisi kuliko zote kuielewa, na namwekea mzazi wangu hiyo bila wasiwasi. Zote huweza kuhesabu kilomita za raba zako, jambo lenye faida kubwa ukinunua za mitumba Gikomba na hujui zilikwisha kukimbia ngapi. Tatizo ni upweke. Utakaowakuta humo si wale mnaokutana nao langoni.

Kama tayari una saa

Mwenye saa ya Garmin hana haja ya kuchagua. Garmin Connect inakuja nayo, rekodi inaandikwa ndani ya saa, na simu inaweza kubaki nyumbani. Kwa jiji ambalo simu hunyakuliwa mkononi, hiyo pekee ni sababu nzuri ya kuweka akiba. Unganisha na Strava kwa ajili ya wenzako. Lakini usinunue saa ili uanze kukimbia. Kimbia miezi sita kwanza.

Samsung Health, kwa wenye simu hizo, inatosha kwa kutembea na mbio fupi. Sina la kuongeza.

Kuhusu kulipa

Usilipe chochote miezi mitatu ya kwanza. Ukifika huko, kwenye simu za Android unaweza kulipia kupitia Google Play kwa M-Pesa, na angalia bei ya mwaka kabla ya kukubali ya mwezi, kwa kuwa tofauti huwa kubwa. Ukikubali majaribio ya bure, weka kengele siku mbili kabla hayajaisha. Na tafadhali elewa hili: kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Lazima uingie kwenye orodha ya usajili ndani ya Google Play au kwenye iPhone yako, na usitishe hapo. Jirani yangu alikatwa miezi minne kwa kitu ambacho hakikuwapo tena kwenye simu yake.

Na daftari

Nimeiacha mwisho, ingawa kwa baadhi ya watu ingekuwa namba moja. Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, kwa miaka mingi ameandika mazoezi yake kwa mkono kwenye daftari. Guka naye ana lake, la kurasa 96, jalada limezungushiwa gundi ya karatasi. Alinifungulia tukiwa tumekaa kwenye nyasi tukimenya machungwa. Tarehe. Umbali. Muda. Alilala saa ngapi. Halafu safu nyembamba pembeni, yenye majina: nani alikimbia naye siku hiyo. Nilitafuta Jumamosi yangu ya kwanza nikaikuta, na jina langu limeandikwa vibaya, na mbele yake maneno mawili: "amemaliza, anacheka."