Jumba la Norman Rockwell, Stockbridge: nendeni mkaone picha zenyewe

Kama unapenda michoro na safari yako inapita Massachusetts kule Marekani, tenga siku uende Stockbridge kwenye makumbusho ya Norman Rockwell. Naipa nyota tano bila kufikiria mara mbili.

Mzee huyu, mchoraji wa Kimarekani, alizaliwa New York 1894, kava yake ya kwanza ya jarida la Saturday Evening Post ilitoka 1916 akiwa na miaka 22 tu, akaendelea nao mpaka 1963, kava zaidi ya 300, na zile kava zimepangwa ukutani ghorofa ya chini kwahiyo unatembea tu huku unaona nguo zinabadilika, magari yanabadilika, vita vinaanza na kuisha. Katikati ya jengo kuna zile picha nne za uhuru za 1943 alizochora kutokana na hotuba ya Rais Roosevelt kuhusu uhuru wa aina nne, zilizungushwa mikoani na zikasaidia kuuza hati za vita, yaani mkopo wa wananchi kwa serikali kugharamia vita, za zaidi ya dola milioni 130. Nzuri sana, ila sio zilizonishika.

Iliyonishika ni ile ya Ruby Bridges, binti mdogo mweusi wa New Orleans anayesindikizwa na maofisa wa serikali kwenda shule iliyokuwa ya wazungu tu, 1960. Ilitoka kwenye jarida la Look Januari 1964. Watu wengi tumeiona kwenye simu, jamani simu inaiua kabisa!! Yenyewe ina upana wa karibu mita moja na nusu. Gauni jeupe pee, rula mkononi, maofisa wanne wamekatwa vichwa na fremu ili macho yako yabaki kwa mtoto, na nyuma yake nyanya imepasukia ukutani, nyekundu inachuruzika. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakanifuata. Na ujue mtu alikuwa anakaribia 70, jina analo, hela anayo, angeweza kabisa kuendelea na picha zake za watoto na mbwa, akaamua kuchora hii. Kwangu mimi hapo ndo ukubwa wake ulipo.

Studio yake nayo usiiache, ilihamishwa kutoka nyuma ya nyumba yake ikaletwa kwenye uwanja huo huo wa makumbusho. Ila baridi ikiingia huwa inafungwa, na picha kubwa kubwa wakati mwingine zinaazimwa kwenda maonyesho mengine, so ulizeni kwanza kabla hamjakata tiketi.