Majani ya chai ya China kwa mjomba: kopo lilinidanganya, safari ya pili nikapatia

Mjomba wangu amepita miaka 70, anakaa Mikindani, Mtwara, na kwa sisi Wamakonde mjomba si mtu wa kupelekewa kitu cha kubahatisha. Yeye ndiye aliyekaa mbele siku ya posa yangu. Mwaka jana sukari ilimpanda, daktari akamwambia aache sukari kwenye chai. Sasa huyu ni mtu ambaye tangu akiwa kijana wa bandarini, kila jioni baada ya alasiri anakaa barazani na bilauri ya chai ya rangi, vijiko vitatu, na muhogo wa kuchemsha pembeni. Alijaribu kuinywa kavu, akasema inamkaba koo. Akaacha chai kabisa, akawa anakunywa maji ya moto. Kumwona ameshika bilauri ya maji matupu huku wenzake wanakunywa chai kuliniuma sana, nikaanza kutafuta majani ambayo hayadai sukari.

Chai yetu ya pakiti naipenda na ndiyo ninayokunywa kila siku. Ila nyingi katika hizo husagwa zikawa punje ndogo, ili zitoe rangi na ukali upesi, zikutane na maziwa na sukari. Ukiondoa sukari, ukali unabaki peke yake. Jani lililoachwa zima linatoa ladha yake taratibu, na ndiyo maana nikaelekea kwenye chai za China za majani, ambazo wenyewe Wachina kwa kawaida huzinywa bila sukari wala maziwa.

Safari ya kwanza nilikosea. Niliagiza mtandaoni kwenye duka moja la Dar, nikavutiwa na kopo: jekundu, lina joka la dhahabu, limeandikwa Longjing, gramu 100. Nililipa 60,000 bila nauli ya basi. Longjing ya kweli ni chai ya kijani ya Hangzhou, mkoa wa Zhejiang. Majani yake hukaushwa kwenye kikaango cha moto huku yakikandamizwa kwa mkono, ndiyo maana yanakuwa bapa na laini kama yamepigwa pasi. Nililokuta ndani ya kopo ni vipande vilivyovunjika, vimegeuka rangi ya udongo, na vumbi chini. Harufu yake ilikuwa ya makuti makavu. Kwenye kopo kulikuwa na tarehe ya kuisha tu, tarehe ya kuvunwa haipo. Nilipomwandikia muuzaji, akajibu kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudi.

Hata hivyo niliipeleka, kwa sababu hela ilishatoka. Mkazamjomba akaipokea kwa furaha, akaitia kwenye sufuria pamoja na tangawizi, akaiacha ichemke kama tunavyopika chai siku zote. Sikumwambia kitu, na hilo kosa ni langu. Chai ya kijani haipikwi. Inataka maji yaliyopoa kidogo, nyuzi 80 hivi, na dakika mbili tu. Ikichemshwa inakuwa chungu kama mwarobaini. Mjomba alikunywa nusu kwa heshima yangu, akaniambia, "Ahsante mwanangu, tutaimaliza pole pole." Nikajua hawataimaliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kabla ya kuchagua chai nilipaswa kuchungulia jiko la mtu ninayempelekea. Pale Mikindani kuna jiko la mkaa na chupa ya chai inayojazwa maji ya moto asubuhi. Hakuna kipimajoto, na sitaki mtu mzima aanze kuhangaika na nyuzi. Kwa hiyo nilihitaji chai inayostahimili maji yanayochemka.

Nilizungumza na mfanyabiashara mwingine, wa Kariakoo, na huyu nampa nyota zote. Kabla hata sijalipa alinitumia picha ya majani yakiwa kiganjani, mwanga wa jua, si picha ya kopo. Nilipomuuliza yalivunwa lini, alijibu mara moja, msimu na mwaka. Na alikubali kuniuzia gramu 50 tu. Akaniuliza anayekunywa ni nani na amezoea nini, nikamweleza habari ya mjomba, akasema nichukue Tieguanyin iliyochomwa.

Tieguanyin ni chai ya Anxi, mkoa wa Fujian. Haiko kijani, haiko nyeusi, iko katikati, na majani yake huviringishwa yakawa vidonge. Kuna isiyochomwa, yenye rangi ya kijani kidogo na harufu ya maua, ambayo inapoteza ubora upesi na wengi huihifadhi kwenye friji, na kuna iliyochomwa kwa moto, ambayo ni ngumu zaidi, inavumilia joto na maji ya moto. Kwa Mtwara, na kwa mzee asiye na friji, ya kuchomwa ndiyo yenyewe. 38,000 kwa gramu 50 si bei ndogo. Nitaeleza kwa nini siijutii.

Safari hii sikuwaachia waipike wenyewe. Nilipanda daladala na kifurushi changu, nikakaa naye barazani. Nilitia kijiko kimoja cha vidonge kwenye bilauri ya kioo, maji kutoka kwenye chupa, nikamwaga yale ya kwanza upesi, nikatia mengine na kusubiri kama dakika moja. Vidonge vilianza kufunguka. Kimoja kilipanda juu, kikageuka, kikakunjua ukingo wake wenye meno kama ya msumeno, kisha kikazama polepole. Mjomba aliinama akawa anatazama kioo bila kusema neno. Alipoonja akanyamaza tena, akaonja mara ya pili. Ladha yake ina kitu cha korosho iliyotoka kuchomwa, na baada ya kumeza kuna utamu mdogo unaorudi kooni. Kisha akaliokota jani moja, akalitandaza kwenye kisahani kwa kidole gumba, kuanzia kikonyo hadi ncha.

"Kumbe ni jani zima," akasema.

Tuliyatia maji majani yale yale mara tano. Kwa mzee aliyelelewa kutotupa kitu, hilo lilimfurahisha kuliko yote, na ndipo bei inapokaa sawa: kijiko kimoja kinawatosha wazee wawili jioni nzima.

Mkazamjomba nilimpelekea yake, chai ya asumini. Mwanamke wa pwani humwelezi asumini ni nini. Kinachonivutia ni jinsi inavyotengenezwa: maua mabichi yanachanganywa na majani jioni, maua yanafunguka usiku na majani yanafyonza harufu, asubuhi maua yanachujwa, na kazi inarudiwa usiku mwingine kwa maua mapya. Nzuri hurudiwa mara kadhaa. Kwa hiyo usipoona maua mengi ndani ya pakiti usidhani umeibiwa, harufu imo kwenye jani lenyewe. Hii nilimfundisha kuacha maji yapoe kwa kuyahamisha kikombe hadi kikombe mara mbili kabla ya kutia majani. Alifungua pakiti, akainusa, akaita jirani aje kunusa.

Tabia hiyo hiyo ya kufyonza harufu ndiyo hatari kubwa kwa nyumba zetu. Kabati la jikoni Mikindani lina papa mkavu, karafuu na dagaa. Majani ya chai yakikaa humo wiki moja yatanuka papa, na hakuna dawa. Unyevu wetu wa baharini nao hauna huruma. Niliwanunulia makopo mawili ya bati yenye kifuniko cha ndani na cha nje, nikayaweka chumbani juu ya kabati la nguo, mbali na jiko na jua. Chupa ya kioo inapendeza kwa zawadi lakini mwanga unaichosha chai, niliiacha dukani.

Nilifikiria pia chai ya Pu'er ya mkoa wa Yunnan, China, ile inayoshindiliwa ikawa kama mkate wa mviringo, kwa kawaida gramu 357. Inaonekana zawadi ya maana sana. Lakini kwa unyevu wa Mtwara inaweza kuota ukungu kabla hawajafika robo, na ladha yake ya udongo si ya kumwanzishia mtu. Muuzaji mmoja aliniambia eti inashusha sukari mwilini. Sikuipenda kauli hiyo. Mjomba ana vidonge vyake vya hospitali na anavimeza kama alivyoelekezwa, chai nilimpelekea kwa ajili ya kuburudika tu. Nilimwomba pia asiinywe usiku, maana chai ni chai, hata ya China inafukuza usingizi.

Sasa anakunywa mara tatu kwa wiki, alasiri, na muhogo wake. Zile gramu 50 zimekaa karibu mwezi mzima. Juzi kanipigia simu, baada ya shikamoo na habari za watoto akashusha sauti kidogo: "Mwanangu, ile ya vidonge imebaki kama vijiko viwili. Ukiagiza usinunue kopo, kopo ninalo."