Sekretaria ya Nyawera yenye ilifungua nyimbo za korali: nyota nne

Nawapa nyota nne, siyo tano, na ile moja nitasema chini kwa nini nimeikata. Ni kale ka sekretaria ka ku Nyawera, hapa Bukavu, mbele wanatosha fotokopi na kupiga TFC (kazi za mwisho wa masomo) za wanafunzi, nyuma ya pazia kuko kijana mwenye kutengeneza mashini (kompyuta). Ukipita haraka hauone kitu, vibao vya ile njia vyote vinafanana.

Shida yetu ilikuwa hivi. Korali iko na diski kubwa ya nje, imejaa rekodi, na ndugu mwenye kurekodi anatumia Ubuntu (aina ya Linux, haiko Windows), na yeye kila wimbo anauita kwa andiko lake: "Zaburi 23:1.mp3", "Isaya 6:8 Nimtume nani?.wav", mambo kama hayo. Kwake zinafunguka bila shida. Ukichomeka ile diski mu mashini ya Windows ya parokia, majina yote unayaona, ukikliki moja inakuambia fishie (faili) haionekane. Unajaribu kukopi, inakataa. Kufuta, inakataa vilevile. Fundi wa kwanza tuliyemwendea (simtaje, na haiko hii sekretaria) aliangalia kidogo tu akasema ni virisi, tuformate. Kuformata nyimbo za miaka yote ile! Tukabeba diski yetu tukatoka.

Huyu wa Nyawera hata antivirisi hakufungua. Alisoma majina kwanza, akacheka, akasema, "Papa, hapa hakuna virisi, ni hizi nukta mbili zenu." Na alieleza vizuri, hiyo njo kitu nilipenda zaidi. Kumbe Windows iko na alama tisa zenye haikubali mu jina la fishie: \ / : * ? " < > na |. Linux yenyewe inakataza paka ule mkwaju / na herufi moja ya sifuri yenye hakuna mtu anaweza kuandika kwa bahati mbaya, kwa hiyo Ubuntu iliandika "23:1" ku diski ya NTFS (ile namna Windows inapanga diski) bila kulalamika. Shida ni kwamba kwa NTFS ile nukta mbili iko na kazi yake, inatenga jina la fishie na data ingine yenye kufichwa ndani ya ileile fishie, njo maana Windows ikikutana na "Zaburi 23:1" inaanza kutafuta kitu chenye hakiko. Nyimbo zenyewe hazikuguswa hata kidogo. Jina njo linazuia mlango.

Kuko pia foldere moja ya Noeli ilikuwa inaishia na nukta tatu, "Noël...", hiyo nayo haifunguke, juu Windows inakata nukta na nafasi za mwisho wa jina, kiisha inatafuta foldere ingine.

Kazi aliifanya hivi: alikopi kila kitu kwanza ku diski yake akitumia Linux yenye iko ku fleshi, mashini ikawaka na ile fleshi, Windows ikalala. Mbele ya kubadilisha alituuliza tunataka nini pa nafasi ya nukta mbili. Swali la maana, juu wengi wangeweka tu _ kila fasi na "Zaburi 23_1" ni nani ataisoma? Tukachagua v, sasa tuko na "Zaburi 23v1". Kiisha akaona kitu chenye sisi hatungeona: kulikuwa "Yesu ni nani?.mp3" na "Yesu ni nani.mp3", fishie mbili tofauti kabisa, moja ya mazoezi na moja ya misa. Ukitosha ile alama ya kuuliza zinakuwa jina moja na moja inaweza kulala juu ya mwenzake ikaisha. Alizitenganisha na namba. Mwisho akatutolea ku karatasi majina ya zamani na mapya, upande kwa upande. Ile karatasi peke yake ilistahili franga.

Kulikuwa pia zip (fishie zimefungwa pamoja) yenye ilitoka ku Mac ya padri, hiyo njo ilimchelewesha. Kuifungua ku Windows, "Répétition" ilikuja "Re╠üpe╠ütition" na "Noël" ikawa "Noe╠êl". Mac inaandika é kwa vipande viwili, e kiisha aksenti pembeni, tena ndani ya zip haiseme kama majina ni UTF-8 (namna ya sasa ya kuandika herufi za luga zote), basi Windows inayasoma na alfabeti ya zamani. Alifungua na 7-Zip, programu ya kufungua zip, akiongeza -mcp=65001 (njo kusema "soma kama UTF-8"), majina yakarudi. Lakini plelisti ilikuwa bado inakataa, juu kwa macho "Noël" ni ileile na kwa mashini haiko ileile. Hapo alitumia convmv, programu ya Linux ya kubadilisha majina ya fishie, na --nfc kuunganisha vile vipande. Hiyo programu ukiiendesha hivihivi inakuonyesha tu vile ingefanya, haiguse kitu paka umeongeza --notest, na yeye alitusomesha ile listi yote kwanza.

Sasa ile nyota ya tano. Bei hawaiseme mbele, unaijua mwisho, tuliomba punguzo na akapunguza lakini sipende ile mchezo. Resi (risiti) hakuna. Umeme ukikatika unangoja, jenereta ni ya fotokopi tu, mashini za nyuma zinalala. Na kila mara anajaribu kukuuzia fleshi, sijui kwa nini, tuko nazo!

Mwenye kwenda: beba diski yenyewe. Usimpelekee kopi yenye umefanya na Windows, juu zile fishie zenye kukataa Windows inaziruka, utamfikishia fleshi yenye nyimbo nzuri tu na zile zenye shida zimebaki nyumbani. Na usiende samedi mchana, wanafunzi wanajaa na TFC zao, pazia haifunguliwe.