Breki ya diski inayolia: nilichotumia, kilichosaidia na kilichokuwa hasara

Pikipiki yenyewe ni ya cc 150, diski moja mbele, drami nyuma, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya pistoni moja inayoteleza juu ya pini mbili. Inatembea Dar es Salaam: vumbi kiangazi, tope masika, hewa ya chumvi mwaka mzima. Breki ya mbele ilikuwa inatoa mlio mwembamba mkali ikishikwa taratibu, hasa kwenye mwendo wa kilomita 10 hadi 20 kwa saa, pale unapoingia kwenye foleni. Ukiibana kwa nguvu inanyamaza. Mlio wa tabia hiyo hauanzii kwenye unene wa pedi, na ndiyo sababu seti mbili za pedi mpya hazikuuondoa.

Pedi haitelezi juu ya diski kama sabuni. Inanasa na kuachia, inanasa na kuachia, mara elfu na zaidi kwa sekunde. Pedi ikiwa imekaa vizuri kwenye kishikio chake (fremu inayoibeba) na kuna kitu cha kufyonza mtetemo huo, sikio halipati kitu. Pedi ikiwa inachezacheza, au mgongo wake wa chuma unagusana na pistoni mkavu kwa mkavu, au kalipa imenasa kwenye pini na kubana kishingo upande, diski nzima inageuka kengele. Kwa hiyo vitu ninavyovipima hapa ni vile vinavyogusa sehemu hizo: grisi ya silikoni, dawa ya kupuliza ya kusafishia breki, msasa, pedi za aina mbili, grisi ya shaba, na kazi ya fundi.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza vizuri. Mlio wa asubuhi unaokwisha baada ya kushika breki mara tatu au nne ni kutu nyepesi ya umande juu ya diski, uache. Mvumo mdogo unaopanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa tairi mara nyingi ni mashimo ya diski yakipita kwenye pedi. Huo nao uache. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma maana yake pedi imekwisha na bati la mgongo linachimba diski. Huo hausubiri hata kesho.

Grisi ya silikoni: tano kati ya tano

Hii ndiyo iliyomaliza kazi, na ndiyo kitu ambacho muuza spea hakutajii. Kijitubu cha gramu 10 kinahudumia kalipa moja mara nyingi, kwa sababu matumizi yake ni kidogo mno. Hakikisha kimeandikwa ni cha pini za kalipa au sehemu za mpira za breki. Grisi ya kawaida ya bearing, ile ya kopo kubwa, inatokana na mafuta ya petroli, na mpira wa breki ukiguswa nayo unavimba. Pini inabanwa na mpira uliovimba, kalipa haitelezi tena, na umerudi pale pale ukiwa umelipia grisi. Silikoni haiudhuru mpira huo na inavumilia joto.

Kazi yenyewe inachukua kama saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Legeza kwanza pini inayoshikilia pedi wakati kalipa bado imefungwa kwenye shoki, maana ikishatoka itakuzungukia mkononi. Ndipo ufungue bolti mbili za kalipa. Usiiache ining'inie kwa hosi yake. Ifunge kwa waya au kamba kwenye usukani. Toa pedi na uweke alama ipi ya ndani na ipi ya nje. Ziangalie kabla ya kuziweka pembeni: kama moja imelika zaidi ya mwenzake kwa milimita moja au zaidi, au imelika mshazari, una ushahidi kwamba kuna kitu kimenasa, pini au pistoni.

Sasa vuta kishikio kitoke kwenye kalipa. Kikitoka kwa shida, umempata mwizi. Kwangu pini ya chini ilikuwa na grisi iliyogeuka ugoro mweusi mkavu, na pini ya juu kavu kabisa. Futa kwa kitambaa, sugua kutu kwa pamba ya chuma laini, usitumie msasa mkali kwa sababu mikwaruzo inaleta kutu upya. Safisha na tundu la pini ndani, maana wengi hufuta pini na kuliacha tundu likiwa limejaa uchafu. Pini ikiwa na shimo la kutu linaloshika ukucha, badilisha, na ukibadilisha pini badilisha na mpira wake wenye mikunjo. Mpira uliopasuka unaingiza maji, na grisi yoyote utakayoweka haitaona masika ya pili.

Kiasi: punje ya choroko kwa kila pini, ipakwe ienee nyembamba. Watu hukosea hapa kwa kujaza tundu. Grisi ikijaa, hewa iliyo ndani haina pa kwenda. Unasukuma pini inaingia, ukiiachia inarudi nje yenyewe kama springi. Kalipa ya hivyo inasogea muda wote na kuburuza pedi ya upande mmoja. Pini sahihi inaingia na kutoka kwa kidole kimoja na inabaki pale ulipoiacha.

Halafu pistoni. Weka kipande cha mbao chenye unene wa kama sentimita moja ndani ya kalipa, kisha bana mkono wa breki taratibu mpaka pistoni itoke milimita 5 hadi 7. Isitoke yote, ikitoka yote umejiongezea kazi ya kutoa upepo na kuongeza mafuta. Utaona pete ya uchafu mweusi kuizunguka. Hiyo ndiyo inayosukumwa ndani kila mtu anapofunga pedi mpya kwa kuibana pistoni kwa bisibisi. Kuna sili ya mpira ndani ya kalipa ambayo kazi yake si kuzuia mafuta tu: breki inaposhikwa sili inajipinda pamoja na pistoni, na ukiachia inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kidogo sana. Uchafu ukiigandisha, pistoni hairudi, pedi inabaki imegusa diski, inapata joto na kung'aa kama kioo. Pedi iliyong'aa hivyo inalia. Sugua pistoni kwa mswaki na maji ya sabuni pande zote, suuza, kausha, ndipo uirudishe kwa vidole huku mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki ukiwa wazi. Mafuta yatapanda; yavute kwa bomba la sindano. Mafuta ya breki ya DOT 3 na ya DOT 4 yote yanakula rangi ya tangi, kwa hiyo tone likidondoka limwagie maji mara moja.

Mwisho wa grisi ni migongo ya pedi: utando mwembamba sana pale pistoni inapogusa, na kwenye masikio ya pedi yanayoteleza ndani ya kishikio. Upande wa kusaga haupati hata harufu. Na ile springi ndogo ya bati inayokandamiza pedi isichezecheze, irudishe. Nimeona pikipiki nyingi zimetoka kwenye matengenezo bila hiyo springi, kwa sababu inadondoka vumbini na hakuna anayeihitaji ili breki ionekane imefunga. Bila hiyo, mlio ni wa uhakika.

Dawa ya kupuliza: nne kati ya tano

Kopo la dawa ya kusafishia breki linakausha haraka na haliachi mafuta. Nusu kopo inatosha kalipa na diski. Naipunguzia nyota moja kwa sababu wengi wanaipuliza ndani ya mpira wa pistoni na kwenye rangi, na kwa sababu inauzwa kama dawa ya mlio. Siyo. Inaondoa vumbi na mafuta juu ya diski, mlio unapotea siku mbili, unarudi. Spiriti safi kwenye kitambaa inafanya kazi ileile juu ya diski kwa polepole zaidi. Petroli na dizeli hapana: zinaacha utando, na zikigusa sili zinaivimbisha. Vumbi la pedi usilipulize kwa pampu ya upepo ukiwa umeinamia pale. Lilowanishe kwanza, lifutwe.

Msasa: inategemea mkono

Kwa pedi iliyong'aa, msasa namba 120 uliolazwa juu ya kioo au marumaru bapa, unasugua kwa kuchora namba nane mpaka mng'ao wote uishe. Kwa diski, msasa huohuo kwa mizunguko midogo, pande zote mbili, mpaka mistari ya duara ivunjike. Kisha dawa ya kupuliza au spiriti, maana punje za msasa zikibaki zinaingia kwenye pedi. Kusugua pedi kwenye sakafu ya saruji kunafanana na hili kwa mbali tu. Saruji haiko sawa, na mchanga wake unajikita kwenye pedi kisha unachora diski.

Ukingo wa mbele wa pedi, ule unaokutana na diski kwanza, ukiupiga tupa kwa mshazari wa milimita moja au mbili unasaidia dhidi ya mlio wa mwendo mdogo. Hili nilikuwa silisadiki.

Pedi

Nilijaribu pedi za resini na pedi za chuma kilichoshindiliwa kwa joto. Za resini ni kimya zaidi, zinashika vizuri zikiwa baridi, na ni laini kwa diski, lakini kwenye tope zinalika upesi. Za chuma zinavumilia joto na mvua, zinadumu, na zinalalamika asubuhi. Kwa pikipiki ya cc 150 ya mjini, resini zinatosha. Anayeshuka milima na mzigo kila siku, kama njia za Lushoto, achukue za chuma, akihakikisha diski yake inazikubali.

Geuza pedi uangalie mgongoni kabla ya kulipa. Nyingi zenye heshima zina herufi mbili mwishoni mwa namba: ya kwanza ni mshiko zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa za moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, H ni zaidi ya hapo. Herufi hizi zinaeleza mshiko tu, hazielezi ubora wala kudumu. Pedi isiyo na maandishi yoyote, isiyo na bati la kuzuia mtetemo mgongoni, iliyofungwa kwenye nailoni tupu, inaweza kuwa nzuri na inaweza kuwa unga ulioshindiliwa. Mimi sinunui.

Pedi iliyolowa mafuta ya shoki au ya breki, itupe. Kuna wanaoichoma kwa moto mpaka iache kutoa moshi. Resini inayoshikilia pedi nayo inaungua, na kinachobaki kinaweza kumeguka siku unayoihitaji. Halafu tafuta mafuta yalikotoka: sili ya shoki inayovuja itaziua na pedi mpya.

Grisi ya shaba: mbili kati ya tano. Migongoni mwa pedi inafyonza mtetemo sawasawa, lakini msingi wa nyingi ni mafuta ya petroli, na chupa ikishafunguliwa mtu anaipaka mpaka kwenye pini. Silikoni inafanya kazi zote mbili.

Kuhusu fundi

Nimelipia huduma ya breki mara mbili kwenye gereji mbili tofauti. Zote zilibadilisha pedi kwa dakika 15 na kusugua diski. Hakuna iliyotoa pini. Ukimpelekea fundi, mwambie kwa maneno haya: toa kishikio, safisha pini, sukuma pistoni nje uisafishe, rudisha springi. Kaa hapo hapo. Akisema haina haja, beba pikipiki yako.

Bolti za kalipa za M8 kwenye pikipiki hizi kwa kawaida hukazwa kati ya 22 na 30 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Kabla ya kupanda, bana mkono wa breki mara nyingi mpaka uwe mgumu. Pistoni umeirudisha ndani, kwa hiyo mbano wa kwanza, wa pili na wa tatu haushiki kitu kabisa, na hapo ndipo mtu anaingia ukutani akitoka getini.

Pedi mpya au zilizopigwa msasa zikalishwe kwenye diski: mara 20 hadi 30, kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka 15, kwa mkono wa wastani, ukiacha nusu dakika ya kupoa kati ya mara na mara. Usisimame kabisa huku umebana zikiwa za moto. Ukizibana kwa nguvu tangu siku ya kwanza zinang'aa tena.

Baada ya kilomita 500 niliinua tairi la mbele na kulizungusha kwa mkono. Lilizunguka mara tatu na kusimama lenyewe, bila kuburuza. Pedi zilikuwa zimelika sawa. Diski ina unene wa chini unaoruhusiwa uliochapwa karibu na bolti zake, maneno MIN TH na namba. Yangu bado ina nusu milimita juu ya hapo, na kwa sasa mlio uliobaki ni ule wa umande tu.