Jägerbüchse 71 ya Mauser: bunduki yenyewe, na duka lililoniuzia

Hatimaye ninayo. Nimeitafuta kwa miaka, na muda wote huo sikukuta hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoieleza vizuri, wakati ni bunduki iliyobebwa na askari wa kwetu kutoka pwani mpaka kwenye maziwa. Kwa hiyo naandika kwa urefu kidogo, mwenye nia kama yangu apate pa kuanzia.

Watu wengi wakisikia Mauser, jina la bunduki za Kijerumani, wanawaza ile ya 1898. Hii ni ya kizazi cha nyuma. Ndugu wawili wa Oberndorf, Ujerumani, Paul na Wilhelm Mauser, ndio walioibuni, na Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, ikaipitisha mwaka 1871, ndiyo maana ya hiyo 71. Haina magazini. Unaingiza risasi moja, unafunga bolti (kile chuma cha kuteleza kinachoziba nyuma ya mtutu), unapiga, unafungua, unaingiza nyingine. Baruti yake ni ile nyeusi ya moshi, na risasi ni nene kwelikweli: milimita 11, uzito wa gramu 25 hivi. Bunduki ndefu ya askari wa miguu ina sentimita 135. Jägerbüchse, yaani bunduki ya Jäger, askari wepesi wa miguu wa Kijerumani, ni ndugu yake mfupi, imepunguzwa kama sentimita 11, na utaitambua mara moja kwa kile kipembe cha chuma kilichojikunja nyuma ya kilinzi cha kifyatulio, pa kuegemeza kidole. Ndefu zilitengenezwa kwa wingi sana, hata hapa Birmingham ninakoishi kuna kiwanda kilichopewa kazi ya kuzitengenezea Prussia. Fupi zilikuwa chache, na nyingi zilitumika mpaka zikachoka. Hii fupi ndiyo waliyopewa askari wa Mjerumani Afrika Mashariki, nami mtoto wa Ngamiani, Tanga, sikutaka nyingine.

Kabla sijafika kwenye duka zuri, nieleze kidogo kuhusu baya, maana wapo wengi wa namna yake. Muuzaji mmoja, simtaji, alinitumia picha za bunduki aliyosema ni “ya askari wa Tanga”. Kitako kilikuwa na mnazi uliochongwa, na chini yake bamba la shaba lenye maandishi “Tanga 1914”. Nikasafiri kwenda kuiona. Kazi yangu ni ufundi wa mabasi, skrubu ndizo ninazozishika kutwa, na macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye zile nne zilizoshika bamba. Vichwa vyake vilikuwa vya msalaba. Skrubu za msalaba zimeingia sokoni miaka ya 1930. Mtu anaweza kuniambia zilibadilishwa baadaye, sawa, lakini mti pembeni ya matundu ulikuwa mweupe, haujanywa mafuta wala jasho la mkono wa mtu yeyote. Kisha nikatazama chini: kipembe cha kidole hakuna. Mdomo wa mtutu ulikuwa umekatwa kwa msumeno, na alama za tupa bado zinaonekana. Ilikuwa bunduki ndefu ya kawaida iliyofupishwa na kupewa historia ya kubuni, kwa bei mara mbili ya thamani yake. Nilipomwonyesha, alichukia, akaifunga. Kinachoniuma si nauli yangu. Kinachoniuma ni kwamba kuna mtu anachonga mnazi juu ya vita vilivyoua watu wa mji wangu ili apate faida.

Sasa duka. Ni duka dogo la vitu vya kale vya kijeshi katika mji mmoja wa soko huku katikati ya Uingereza. Mwenyewe ni mzee, anapokea wateja kwa miadi tu, na ameniomba nisilitangaze jina kwa sababu hapendi watu wajue silaha zilipo. Anayetaka kwa dhati aniandikie, nitamuunganisha.

Kilichonivutia kwanza ni kwamba alianza na kasoro. Kwenye simu, kabla hata sijauliza bei, alinitajia tatu: ufa kwenye shingo ya kitako uliozibwa zamani kwa kigingi cha mti, vishimo vya kutu sehemu ya mbele ndani ya mtutu, na kile kijiti cha kusafishia kinachokaa chini ya mtutu si cha asili, ni nakala. Kisha akatuma picha ya kila namba. Bunduki za Kijerumani za wakati ule zilipigwa namba mpaka kwenye vipande vidogo, na hapo ndipo mtu anapojua kama ana bunduki moja au mkusanyiko wa vipande vya bunduki tano. Hii yangu namba zinalingana kwenye mtutu, kwenye bolti na kichwa chake, kwenye vikuku vinavyoshika mtutu kwenye mti, kwenye bamba la kitako, hata kwenye vichwa vya skrubu. Juu ya mtutu kuna taji na neno Danzig, mji ilikotengenezwa, ubavuni modeli imeandikwa kwa zile herufi za Kijerumani za kale.

Nilipofika alikuwa amekwisha itandaza juu ya blanketi, na pembeni ameweka tochi na bisibisi iliyonolewa ikae sawa kwenye mfereji wa skrubu. Akasema, “Fungua unachotaka.” Hilo sijaliona kwa muuzaji mwingine. Katika modeli hii bolti haitoki mpaka ulegeze skrubu moja nene iliyoko kwenye mbavu ya bolti, yenye washa kubwa, kile kibati cha duara, inayozuia bolti isirudi ikachomoka. Ni mahali pa kupaangalia kabla ya pengine pote, kwa sababu watu wasiojua huilazimisha kwa bisibisi ya jikoni, wakaitafuna. Hii ilikuwa safi, kingo za mfereji bado kali. Nikachomoa bolti, nikamulika ndani ya mtutu: michirizi minne, ile inayoizungusha risasi, inazunguka kulia, mizuri kuanzia nyuma mpaka karibu na mdomo, ndipo vishimo vinaanza. Vilikuwa kama alivyoniambia, havikuzidi.

Nikamuuliza swali nililokwenda nalo: ilifika Afrika? Akanionyesha alama ya kikosi juu ya bamba la kitako, kikosi cha Jäger huko huko Prussia. Akasema hana karatasi wala alama yoyote inayoipeleka Afrika, hivyo hawezi kuniambia kwamba ilifika. Angeweza kunidanganya pale. Alikwisha jua natoka Tanga, na pauni 1,150 nilizolipa angeweza kuzifanya 2,000. Hakufanya hivyo, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya duka lake: anauza kilichopigwa kwenye chuma, hauzi hadithi. Aliponiandikia risiti aliweka modeli, namba, kipenyo, na zile kasoro tatu zote, kwa mkono wake.

Kuhusu sheria, kwa mnaoishi huku: chini ya kifungu cha 58 cha Sheria ya Silaha ya 1968, bunduki ya kale ya aina hii inaruhusiwa bila cheti cha polisi alimradi unaiweka kama pambo au kumbukumbu, na risasi yake iwe kwenye orodha ya risasi zilizopitwa na wakati. Orodha ilipangwa upya kwa kanuni za 2021, na risasi kadhaa za bastola zikatolewa humo, kwa hiyo usitegemee maelezo ya zamani. Milimita 11 ya Mauser imo. Ukitaka kuipiga, au ukiwa na risasi zake, habari inakuwa nyingine kabisa, unahitaji cheti. Mtu aliyewahi kufungwa asiiguse kabla ya kupata ushauri wa sheria. Na msifikiri kuipeleka nyumbani kwenye kontena na magodoro: Tanzania silaha ya moto ni silaha ya moto, kibali kwanza.

Sina haja ya kuipiga. Nilichonga kipande cha mti chenye ukubwa wa risasi yake, na ukingo nyuma, ili nione inavyofanya kazi, na hapo ndipo nilipoielewa. Bolti inateleza vizuri ajabu kwa chuma cha karne ya 19. Kile kikomeo cha usalama mwisho wa bolti, kinachogeuzwa kwa dole gumba, kinakaa imara. Lakini haina kitu cha kurusha ganda nje. Ukivuta bolti, ganda linatoka kwenye chumba na kubaki palepale, na lazima uilaze bunduki ubavu lidondoke. Kila risasi. Nimefanya hivyo nimesimama karakanani kwangu, pametulia, na bado mkono unababaika.

Novemba 1914 Waingereza waliteremsha askari kama 8,000 kutoka India pale Ras Kasone. Upande wa pili Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, na kompania nyingi za askari wake zilikuwa bado na bunduki hizi za 1871. Kila ukipiga, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako na adui anajua ulipo. Tanga kila mtoto anajua habari ya nyuki waliowavamia wanajeshi siku ile. Ya moshi hakuna anayesimulia, na ndiyo iliyowapa tabu askari. Baada ya ushindi ule Wajerumani walikusanya bunduki mpya zilizoachwa na Waingereza, na kama risasi 600,000, wakazipa kompania zao mara moja.

Na kabla ya vita hivyo ilikwisha piga kwetu. Mke wangu ni Mngoni wa Songea. Kwao tarehe 27 Februari ni ya kuwakumbuka viongozi walionyongwa mwaka 1906, wakati wa Maji Maji, na bunduki za namna hii ndizo zilizokuwa mabegani mwa askari waliosimama pale. Tulizungumza sana kabla sijalipa. Amekubali ikae ndani kwa sharti isitundikwe sebuleni, na pembeni yake kuwe na karatasi inayosema ilifanya nini, si modeli na mwaka tu. Karatasi hiyo tumeiandika pamoja. Kwa maoni yangu kila mwenye silaha ya ukoloni angefanya hivyo, na makumbusho mengi huku bado hayajafanya.

Sasa inakaa ghorofani, kwenye kabati la kufuli nililolichomelea mwenyewe. Mti wa jozi niliufuta kwa kitambaa kikavu, kisha mafuta ya kitani kidogo sana. Chuma sikukipiga msasa wala sikukipaka rangi, na mtu asikushauri ufanye hivyo: ukikwangua, umefuta zile alama unazozilipia.

Kama bajeti yako ni ndogo na unataka tu Mauser ya 1871 ukutani, nunua ile ndefu, utaipata kwa urahisi zaidi na inapendeza. Jägerbüchse ni ya mwenye sababu. Muulize muuzaji picha za namba zote, picha ya ile skrubu ya bolti kwa karibu, na picha ya kipembe cha kidole. Akisita kutuma yoyote kati ya hizo, mwache.

Kilichobaki ni singe yake, ile ndefu inayoitwa Hirschfänger. Mzee alinionyesha moja, lakini ala ilikuwa ya singe nyingine na mwenyewe akanishauri nisiichukue. Ameahidi kunipigia simu ikipatikana iliyokamilika.