TAHADHARI: "Mishale ya mashindano" inayouzwa Malindi ni ya kuwindia, imebandikwa stika juu

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu mpaka Kilifi mnaojifunza kulenga shabaha, kuna bwana anauza mishale kwa WhatsApp na mimi kanila shilingi 9,600. Jina silitaji kwa kuwa alilonipa si lake. Nilipotaka kutuma pesa, M-Pesa ilitoa jina la mwanamke. Nikauliza, nikajibiwa, "Huyo shemeji yangu, tuma tu kaka." Nikatuma. Ndiyo, najua, msinianze.

Upinde wangu ni rikavu wa paundi 32, aina ile ya Olimpiki, na navuta inchi 28. Nilimweleza hayo yote, nikamwambia nataka dazeni moja ya kaboni, spaini 700. Kwa wageni wa mambo haya: spaini ni kipimo cha ugumu wa uti wa mshale. Uti hulazwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, katikati hutundikwa uzito wa gramu 880, kisha hutazamwa umebonyea kiasi gani. Namba kubwa ni mshale laini, namba ndogo ni mgumu. Upinde mwepesi kama wangu wataka mshale unaojipinda kidogo unapoachiwa, ili uukwepe upinde na kwenda zake. Ukiwa mgumu mno haujipindi, hutoka umekwenda upande.

Mzigo ulifika na matatu ya Mombasa. Kila mshale una stika, na kila stika yasema 700. Rangi yake ni ya majani makavu, kama nguo za jeshi. Moyo ulishtuka kidogo, nikajiambia rangi haina neno.

Uwanjani, mita 18, mishale yote ikaenda kushoto. Mitatu haikugusa hata karatasi. Mimi napiga kwa mkono wa kulia, na kwa mtu wa kulia kushoto ndiko unakokwenda mshale mgumu, lakini nani afikirie hivyo wakati stika iko mbele ya macho? Wiki nzima nilijilaumu mwenyewe: mara bega, mara kidole. Kijana mmoja tunayefanya naye mazoezi ndiye aliyeikwangua stika kwa ukucha. Chini yake kumeandikwa 340.

Sasa 340 ni mshale wa upinde wa kompaundi, ule wenye vigurudumu nchani, wa paundi 60 na kitu, wa mwindaji. Si mshale mbaya. Kwa kazi yake ni mzuri sana: mnyama yuko karibu, pengine mita 20 au 30, na unachotaka ni uzito ili uzame. Wa shabaha umeundwa kwa safari nyingine, mwembamba na mwepesi, upepo usipate pa kuushika. Mita 70, ile aliyopiga Shehzana Anwar wetu kule Rio 2016 alipobeba na bendera ya Kenya, karatasi ina upana wa sentimita 122 na duara la katikati, la alama kumi, ni sentimita 12.2 tu. Kwa upinde wangu, mishale ya yule bwana nikitaka ifike huko itabidi nilenge vilele vya minazi.

Nikaipeleka kwa sonara, nikamwomba mizani. Mwepesi gramu 25, mzito gramu 29. Dazeni moja, inayotakiwa kulingana uzito! Sonara mwenyewe alicheka, akaniuliza kama nimeinunua kwa kilo.

Kilichonitia hasira hasa si pesa. Miwili ilikuwa imekatwa, imebaki inchi 26 na nusu. Ukivuta inchi 28 kwa mshale huo, ncha inarudi nyuma ya kiegemeo, pale mshale unapolazwa, inaangukia ndani ya upinde, na ukiachia unajichoma mkono unaoshika. Mimi niliona mapema. Mtoto anayeanza ataona baada.

Nilipompigia simu hakukana. Alinijibu kwa kujiamini kwamba sheria za mashindano zinaruhusu uti wa hadi milimita 9.3, "kwa hiyo uko ndani, wacha kulalamika." Na kweli zinaruhusu. Lakini hiyo ni habari ya unene, mimi nilimuuliza ugumu. Mjue kwamba ana maneno, na baadhi ya maneno yake ni ya kweli, ndiyo maana anawapata watu.

Tena alinitilia "zawadi" ya vyembe vitatu vipana vyenye makali, eti nikawindie paa msitu wa Arabuko. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Ukikamatwa na KWS, askari wa wanyamapori, ukingoni mwa msitu na podo lenye vyembe hivyo, usidhani utaeleweka ukisema ulikuwa waenda mazoezini. Vyangu nimevitia kwenye kopo la rangi, nimelifunga.

Ukitaka kununua kwa mtu usiyemjua, mwambie akurekodie video akisugua maandishi ya uti kwa kidole gumba, stika itajikunja. Mzigo ukifika, viringisha mshale juu ya kioo cha kabati la duka, uliopinda hurukaruka. Kaboni ikunje taratibu karibu na sikio, ikilia kama kijiti kikavu usiipige kabisa, huvunjika ikaacha miiba mkononi. Na pesa zitoke baada ya hapo, hata kama shemeji anasubiri.

Namba niliyokuwa nayo haipatikani tena. Lakini juzi nimeonyeshwa tangazo jipya kwa namba nyingine na picha ni ileile: mishale kumi na miwili juu ya mkeka wa buluu, pembeni kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono. Kati ya hiyo kumi na miwili, miwili ni mifupi. Ni yangu mimi.